Kipepeo wa Kwenye Benchi

Kinyozi huyu hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, ndiyo maana wateja wake walimwita Kipara, naye akaitika bila kinyongo. Walisema ni kinyozi wa kuaminika kwa sababu hana cha kukuonea wivu. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na redio isiyozimwa. Kutwa nzima alinyoa, akacheka, akabishana habari za mpira na watu ambao hata majina yao hakuyajua. Mtu wa watu kweli kweli. Lakini jioni akirudi nyumbani akamkuta mama mkwe wake sebuleni, ulimi ulimganda kinywani kama umepakwa gundi.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mitano, na kumi na miwili kati ya hiyo aliongoza shule ya watoto mia tisa bila kupaza sauti. Alitazama tu. Miwani yake ilining'inia kwa mkufu mwembamba wa shanga, na alipoivuta hadi ncha ya pua, kila aliyekuwa karibu alijikagua kama vifungo vya shati vimekaa sawa. Kipara alikuwa amemuoa binti yake miaka mitano iliyopita, na maneno yote waliyowahi kuzungumza tangu hapo yangeenea kwenye kiganja cha mkono na nafasi ikabaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Kazi?"

"Nzuri, mama."

Basi, yameisha. Baada ya hapo Kipara alikuwa akikumbuka ghafla kwamba bomba la jikoni linavuja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Bomba lilikuwa zima tangu nyumba ijengwe.

Sasa mama mkwe alikuja kukaa, si kusalimia. Binti yake, karani wa posta, alikuwa na mimba ya kwanza, na daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani wiki saba, asiinue hata ndoo. Mtu aliyezoea kugonga mihuri mia tatu kwa siku, leo aambiwe alale! Mikono ilimwasha. Wiki ya kwanza alivumilia. Ya pili akamtuma mumewe nyuzi na sindano ya kulabu, akajifunza kufuma kwa kutazama video kwenye simu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Birika likafumiwa kofia. Miguu ya viti ikavalishwa soksi. Rimoti ikapata koti lenye vifungo, na sabuni ya kuogea ikapewa mkoba wa kuning'inizwa begani, sijui ilikuwa inasafiri kwenda wapi. Jumapili moja mchana Kipara aliamka usingizini akakuta kichwa chake kinapimwa kwa kamba.

"Tulia," mkewe alimwambia. "Nahesabu vitanzi."

Kifundo cha mkono kilipoanza kumuuma, alimgeukia mumewe. "Vidole vinavyozungusha mkasi kwenye sikio la mtu bila kulikata, vitashindwa na uzi?" Kipara akakaa ukingoni mwa kitanda, akafundishwa: piga kitanzi, ingiza kulabu, vuta, pitisha. Siku ya kwanza alifuma mnyororo uliotoka kitandani ukafika mlangoni, hauna kazi yoyote duniani isipokuwa kufungia mbuzi. Siku ya nne alikuwa ameanza kunogewa. Lakini akisikia ndala za mama mkwe zikikokota ukumbini, alisukuma kila kitu chini ya mto na kujifanya anamkanda mkewe miguu.

Wiki ya sita yule karani alianza kazi aliyoiita kubwa kuliko zote. Ni kipepeo wa kutundikwa juu ya kitanda cha mtoto, mdogo wa kuenea mkononi, aliyejazwa sufi ili awe mnene na laini, kiwiliwili cha kahawia na mabawa ya rangi ya chungwa yenye ukingo wa njano. Alifuma akafumua, akafuma akafumua, mara sita. Maelezo yote aliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa posta, mstari kwa mstari. Kufikia Jumatano kiwiliwili kilikuwa tayari na mabawa mawili ya juu yameshonewa mahali pake. Yalibaki mabawa mawili ya chini na vile vipapasio viwili vya kichwani.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Kipara alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini, akasikia ukelele chumbani.

"Mama! Maji!"

Mama mkwe alitoka jikoni mbio mbio na glasi ya maji.

"Si ya kunywa!" binti alipiga kelele. "Chupa imepasuka!"

"Chupa gani?" Kipara aliuliza, na tayari alikuwa amepiga magoti anatafuta vigae vya kioo sakafuni asije mtu akajikata.

Mama mkwe alimtazama mkwewe pale chini. Akatazama glasi mkononi mwake. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akasema, "Teksi."

Uchungu ulikuwa umeanza wiki tatu kabla ya siku yake. Kilichofuata hakuna aliyekumbuka sawasawa. Teksi ilipiga honi, jirani akapokea ufunguo dirishani, mlango ukafungwa na kufunguliwa mara tatu kwa sababu ya kadi ya kliniki, kisha miwani, kisha kadi ya kliniki tena. Miguuni mwa kitanda palikuwa na mabegi mawili ya bluu. Moja mama mkwe alikuwa amelipanga kwa mikono yake tangu mwezi uliopita: nguo za mtoto zilizopigwa pasi, nepi, mablanketi, kila kitu kwenye mfuko wake wenye maandishi. Kipara alinyakua begi la bluu, akalikumbatia kama mtu aliyeokoa mali kwenye moto, akaingia kwenye teksi.

Hospitalini nesi aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika mbali. "Mama apite huku. Nguo za mtoto nipeni."

Kipara akafungua zipu. Mabonge ya uzi yakachungulia, la chungwa, la njano, la kahawia. Chini yake palikuwa na mfuko wa sufi, sindano ya kulabu, daftari, na kipepeo wa mabawa mawili amelala chali.

Mama mkwe akavuta miwani hadi ncha ya pua.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "mtoto huyu atavaa nini?"

Kipara alitaka ardhi ipasuke immeze. Lakini mkewe, aliyekuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, alichungulia ndani ya begi na kicheko kikamtoka. Alicheka hadi akapinda. Uchungu ukaja katikati ya kicheko, akapiga yowe, ukaondoka, akaendelea kucheka pale pale alipoachia.

"Msinichekeshe jamani, nitazaa hapa hapa mlangoni!"

"Hakuna anayekuchekesha," mama yake alisema.

"Tazama uso wake, mama! Tazama!" Alifuta machozi, akamshika mumewe ukosi wa shati. "Sasa sikilizeni. Hamna cha kufanya humu, na mkikaa bure mtanitia wazimu kwa kuchungulia mlango. Kaeni kwenye benchi lile mmalize kipepeo wangu. Mtoto asije duniani akakuta mdudu wa mabawa mawili."

"Nani amalize?" mama yake aliuliza.

"Huyo hapo. Anajua. Ameficha tu."

Mlango ukafungwa. Kipara akabaki ukumbini na begi la nyuzi, siri yake imeanikwa juani, na mama mkwe wake ubavuni.

Alimpigia simu kinyozi mwenzake wa kiti cha pili, akamwomba achukue ufunguo kwa jirani alete lile begi lingine la bluu. Mwenzake akaahidi kuja mara tu atakapomaliza kichwa alichokuwa nacho mkononi. Kisha hakukuwa tena na njia ya kukwepa. Ukumbi ulikuwa mrefu, umepakwa kijani hadi kiunoni na nyeupe juu, na bomba la jikoni halikuwepo.

Wakaketi, yeye ncha hii ya benchi, mama mkwe ncha ile. Katikati alikuwa amelala mwanamume mnene, kofia usoni, akikoroma. Alikuwa dereva wa lori na baba wa watoto watano, na aliyajua mabenchi haya kuliko kitanda chake.

Kipara akatoa kulabu. Mama mkwe alimtazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe daftari. Nikusomee. Huwezi kusoma na kufuma kwa wakati mmoja, utapotea."

Akafungua, akakohoa kidogo, na kusoma kwa sauti ile ile aliyosomea imla miaka thelathini na mitano. Kila neno alilikata peke yake kama anakata kipande cha sabuni.

"Bawa la chini. Nukta. Mzunguko wa kwanza, mkato, vitanzi sita ndani ya duara. Nukta. Umeandika? Samahani. Umefuma?"

"Nimefuma, mama."

"Mzunguko wa pili..." Akafungua ukurasa, na kurasa mbili zikafunguka pamoja bila yeye kujua. "Kitanzi kimoja katika kila tundu. Jumla... endelea hivyo hivyo."

Kipara akaendelea hivyo hivyo. Mwanafunzi mtiifu habishi. Mzunguko wa tatu, wa nne, wa saba. Kitu kile hakikutanuka hata kidogo, kilirefuka tu. Alikiinua mbele ya macho yao. Kilikuwa chembamba, kirefu, na mwisho wake mviringo.

"Mama," alisema kwa heshima zote, "tumefuma kidole."

Mama mkwe alikitazama. Akakichukua, akakivaa kwenye kidole chake cha shahada, akakikunja na kukikunjua, na kidole cha rangi ya chungwa kikamwashiria Kipara kama kinamwita mbele ya darasa.

Hapo kikatoka kicheko. Kipara hakuwahi kumsikia mama mkwe akicheka, wala hakujua kama kifaa hicho anacho. Kilianzia puani, kikakwama, kikatoka kama birika lililochemka hadi mfuniko ukaruka. Na Kipara, ambaye kicheko kilikuwa kimemjaa tangu nyumbani kwenye ile glasi ya maji, akashindwa kujizuia. Walicheka wameegemea ukuta, machozi yanatiririka, kila mmoja akijaribu kunyamaza na kumwona mwenzake na kuanza upya. Dereva wa lori akaamka, akatoa kofia usoni.

"Mmepata? Wa kike au wa kiume?"

"Kidole," mama mkwe alisema, na wakaangua tena.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "Nyie!" nesi alifoka. "Hapa ni wadi ya wazazi, si harusini! Mnataka niwatoe nje?"

Mama mkwe, aliyetuliza watoto mia tisa kwa jicho moja, aliruka kutoka kwenye benchi akasimama wima, mikono ubavuni. "Samahani, mwalimu," alisema.

Nesi akampima kutoka juu hadi chini, akarudi ndani. Mama mkwe akaketi polepole. "Nimemwita mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Usimwambie mtu."

"Nani, mimi? Sijasikia kitu."

Walifumua kidole. Safari hii mama mkwe alilamba ncha ya kidole kabla ya kufungua ukurasa, akapata mstari uliorukwa, "ongeza katika kila tundu," na kwa sababu alikuwa na hasira na mstari huo uliomwaibisha, aliusoma katika kila mzunguko. Sita ikawa kumi na mbili, kumi na mbili ikawa ishirini na nne, ishirini na nne ikawa arobaini na nane, na kabla hawajajua lililowapata, Kipara alikuwa ameshika sketi ya marinda.

"Hii ingemfaa kidole," mama mkwe alisema.

Wakaziba vinywa kwa viganja. Mabega yao yalitikisika hadi benchi likalia.

Wakati wakifumua sketi, bonge la uzi lilidondoka likabingirika hadi miguuni mwa dereva wa lori. Alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kulala, akaliokota, akahamia ncha ya benchi ili wale wawili wakaribiane, na kuanzia hapo akawa ndiye mtoa uzi, akiulegeza kidogo kidogo kama anayerudisha lori nyuma kwenye uchochoro.

"Hiki ni nini hasa?" aliuliza.

"Kipepeo," Kipara alijibu. "Kipepeo hiki ni cha mtoto wangu. Kinakosa mabawa mawili."

"Kipepeo *huyu*," mama mkwe alirekebisha kabla hata ya kuinua macho. "Huyu ni *wa* mtoto wangu. *Anakosa* mabawa. Mdudu ana uhai."

"Lakini mama, huyu ni wa uzi."

"Hata hivyo."

"Hana uhai. Ni sufi tu."

"Asingekuwa na uhai," dereva alidakia, "mngekuwa mnahangaika naye hivi?"

Mama mkwe akamgeukia dereva kwa shukrani kubwa. "Umesoma shule gani wewe?"

Wakabishana. Kipara, aliyekuwa hajawahi kubishana na mama mkwe hata juu ya mvua, alijikuta anasema kwamba mwanasesere hukaa na wanadamu kwa sababu jina lake ni la mtu, lakini kipepeo wa uzi ni kitu, ki-vi, kama kiti na kijiko, na kwamba posta wasingepokea kifurushi kwa kusema "huyu." Mama mkwe akasema mantiki ya kinyozi ni kama kinyozi mwenyewe, imenyolewa. Akatulia, akaogopa amevuka mpaka. Kipara alicheka hadi kulabu ikamponyoka.

"Tukubaliane," mama mkwe alisema. "Kabla hajakamilika ni kitu. Akikamilika ni mtu."

"Mdudu."

"Fuma."

Bawa la kwanza la chini likatoka vizuri, mviringo, lenye ukingo wa njano uliotulia. Kwenye la pili dereva aliwasimulia jinsi mtoto wake wa tatu alivyozaliwa kwenye teksi nyuma ya gari la maharusi, huku watu wote wakipiga vigelegele wakidhani ni msafara mmoja. Hesabu ikavurugika mahali fulani hapo, na bawa hilo likazidi ndugu yake kwa robo nzima. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kufumua tena. Mama mkwe akalipima kwa macho, akatoa alama: "Saba kwa kumi. Na hiyo ni kwa kukuonea huruma."

Sufi ndiyo iliyowatesa. Ukishaifungua haikubali kurudi mfukoni. Ilipanda hewani, ikakaa kwenye nyusi za dereva, ikamwingia mama mkwe puani, akapiga chafya saba mfululizo huku Kipara akizihesabu kwa sauti. Kichwa cha Kipara kikawa na manyoya meupe kwa mara ya kwanza tangu ujana wake.

"Imekupendeza," mama mkwe alisema, akamfuta kwa ncha ya mtandio wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mbali na kupeana mkono. Mkono ulipofika sikioni akausimamisha.

"Hivi lile bomba la jikoni," aliuliza, "lilipona?"

Kipara akainamia kazi yake. Akavuta uzi, akakaza fundo ambalo halikuhitaji kukazwa.

"Halikuwahi kuharibika, mama."

"Najua. Nililijaribu wiki ya kwanza. Nikajiambia, mkwe wangu hawezi hata kukaa chumba kimoja na mimi. Nikauliza nimemkosea nini."

"Mimi?" Kipara alimgeukia mzima mzima. "Mama, nilikuwa nakuogopa! Siku ya posa uliniuliza wingi wa neno 'uso' nikasahau. Nikajua nimekwisha."

"Nilikuwa natania! Nilikuwa natafuta la kusema. Mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Watu wote wanakupenda, unacheka na kila mtu, ukiniona mimi unakimbia. Nikasema, huyu kijana ameona nini kwangu ambacho wengine hawajaniambia?"

"Nyuso," Kipara alisema.

"Nini?"

"Wingi wa uso. Ni nyuso."

"Miaka mitano!" mama mkwe alisema, na yale mabega yake yakaanza tena. "Mtoto huyu amechukua miaka mitano kujibu swali moja!"

Saa tisa ilipita. Kila sauti iliyotoka nyuma ya mlango iliwanyamazisha, kisha walirudi kwenye kazi kwa kasi zaidi, kana kwamba kila tundu likifungwa yule aliye ndani anasogea hatua moja. Mama mkwe alimlaza kipepeo juu ya paja lake na kumshika kwa vidole viwili, Kipara akaanza kushona mabawa ya chini kwa sindano butu. Alishona kwa kukaza, kama alivyofundishwa, uzi unapita na kurudi. Bawa dogo likashika. Bawa kubwa likashika. Kipapasio cha kwanza kikasimama kichwani, kimepinda kidogo kama kinasikiliza jambo.

Ndipo mtoto akalia.

Kilikuwa kilio chembamba, chenye hasira, cha mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Kipara alibaki na sindano hewani. Dereva wa lori akapiga makofi. Mlango ukafunguka, na nesi akatokea, safari hii uso umekunjuka.

"Baba wa msichana ni nani? Wote wazima. Njooni taratibu."

Wakainuka kwa pamoja, na kwa pamoja wakavutwa wakarudi kwenye benchi. Kipara akainuka tena. Mkono wa mama mkwe ukainuka naye. Wakatazama chini. Kipepeo alikuwa ameshonewa barabara kwenye mkono wa sweta ya mama mkwe, bawa kubwa na sweta kitu kimoja, na uzi uliobaki ulikuwa umepita mara mbili kwenye kifungo cha shati la Kipara.

"Kata!" mama mkwe alisema.

"Nikate na nini? Sina mkasi!"

"Kinyozi huna mkasi?"

"Nilikuja kupata mtoto, mama, sikuja kunyoa!"

"Basi twende hivi hivi!"

Wakaingia wadini wamefungwa pamoja, mkono wa mama mkwe umenyanyuka, Kipara anatembea upande upande kama kaa, bonge la njano linadundadunda nyuma yao na dereva wa lori mlangoni akilifuata ameinama, analegeza uzi asije akawakwamisha. Mgonjwa wa kitanda cha kwanza aliketi aone vizuri.

Karani wa posta alikuwa ameegemea mito, nywele zimemganda usoni, na kifuani pake kuna kifurushi kilichofungwa kwa shuka la hospitali lenye mihuri ya bluu pande zote. Aliwatazama walivyokuja. Alimtazama mama yake, mwalimu mkuu, ana sufi kwenye miwani. Alimtazama mumewe ana nyusi nyeupe. Akafuata uzi kwa macho kutoka kifungoni hadi kwenye sweta.

"Mmefanya nini?" alinong'ona.

"Tumemaliza," mama yake alisema. "Isipokuwa kipapasio kimoja."

"Na isipokuwa kumtoa," Kipara aliongeza.

Karani aliuma midomo. Alijaribu. Kifurushi kikaanza kutikisika kifuani mwake, na mtoto, aliyekuwa ameishi dunia hii dakika kumi na mbili, akafumbua jicho moja kuona kelele za nini. Nesi alikuja na mkasi wa bandeji akakata uzi, na sweta ikabaki na tundu kubwa kama sarafu.

"Nguo zenu za mtoto zimefika?" aliuliza.

Hazikuwa zimefika. Mama mkwe akavua mtandio wake bila kusita, mtandio mzuri wa kijani aliouvaa siku alipostaafu, wakamfunga mjukuu wake ndani yake juu ya shuka. Kisha akampokea. Alimshika kama anavyoshikwa mtu aliyesubiriwa sana, akamtazama bila miwani. Halafu akageuka na kumweka mikononi mwa Kipara.

"Shika shingo," alisema kwa upole. "Hivyo. Kumi kwa kumi."

Kipara alishika kama alivyoambiwa. Meno yalikuwa nje yote, machozi yanamdondoka kidevuni, na alikuwa akiyumba huku na huku kama muziki unapigwa mahali anapousikia yeye tu. Kinyozi mwenzake aliingia dakika hiyo hiyo na begi la bluu kichwani, mchana mzima ukiwa umepita, akasema kile kichwa alichokuwa nacho kilikuwa na nywele ngumu sana.

Mama na mtoto waliambiwa watalala hospitalini siku mbili. Kesho yake asubuhi, kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa, mama mkwe alijitokeza kwenye kibanda cha kunyolea. Wateja wanne waliokuwa wakisubiri walinyanyuka wote bila kuambiwa. Hakuwahi kufika pale hata siku moja.

"Wewe unanyoa wanawake?" alimuuliza Kipara.

"Namnyoa yeyote mwenye kichwa, mama."

"Nywele hizi zinanichosha. Nataka fupi, kama hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili, akavua miwani, akaketi kwenye kiti cha mbele ya kioo na kujifunika taulo mwenyewe.

Kipara alipunguza sauti ya redio, akachukua mkasi na chanuo, akaanza kwa nyuma. Na mama mkwe, akizungumza na kioo, akaanza kuwasimulia wale wateja wanne habari ya kipepeo. Alianza na glasi ya maji, akafika kwenye kidole, akapiga chafya zote saba. Wateja walishika mbavu. Alipofika kwenye mabawa, Kipara alishtuka kusikia kwamba yalifumwa na mwalimu mkuu mstaafu peke yake, kwa mikono yake, huku mkwewe akisoma imla tena kwa kukosea, na kwamba bawa lile kubwa lilikuwa kubwa kwa makusudi, kwa ajili ya upepo.

"Kweli, Kipara?" mteja mmoja aliuliza.

Kipara alifungua kinywa. Mkasi ulikuwa nyuma ya sikio la kushoto la mama mkwe, mahali ambapo mtu hatakiwi kutikisika.

"Kweli tupu," alisema, akaendelea kukata.